Inaganda Saa Saba

Bi Mize kaileta kwa toroli la saruji,
imefungwa kanga, fundo mbili juu,
kama mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Wete.
"Haizimi, haizimiki. Inaganda tu.
Mshale hauendi, herufi hazijibu."
Nikamuuliza, lini?
"Nikiwa na kazi."

Skrini alikuwa ameipiga picha kwa simu:
barua ya Faki wa Pandani, kesi ya mpaka wa shamba,
imekatika katikati ya neno:
*Mimi niliyetajwa hapo juu naomba uku*
Ukubali? Ukumbuke? Ukutane nami?
Siku nne neno lile halikuniacha.

Nikafungua ubavu. Parafujo mbili, ya tatu haipo.
Harufu ikanitangulia: karafuu.
Msimu mzima watu wameanika mbele ya mlango wake
na feni, mtiifu asiyechagua, ikavuta kila kilichopita:
unga wa makonyo, nywele, bawa la kombamwiko.
Nikapitisha brashi, nikapuliza mpaka nikaona nyota.
Nikasema, ndilo hili.

Silo.

Nikachomoa memori, nikasugua meno yake kwa raba ya skuli,
nikarudisha moja, nikaacha moja nje, nikabadilisha,
kama anayeonja vyungu viwili
kutafuta mchuzi ulioungua.
Zote nzima.
Juu ya prosesa dawa ya ubaridi imekauka kama ugoro;
nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele.
Diski nikaitegea sikio: inanong'ona, haigongi.
Usiku nikaiacha ikihesabu.
Alfajiri naikuta macho makavu, inahesabu.

Fundi asiyejua husema ni kirusi.
Anayejua kidogo husema ni madabodi, nunua nyingine.
Mimi nilikuwa baina ya hao wawili
na elfu kumi ya watu nimeshaila.

Ikarudi kwake. Ikaganda siku ile ile.
"Inakuonea haya," akasema Bi Mize,
"mtoto ana homa nyumbani, kwa daktari anacheza."

Basi nikachukua kigoda nikaenda kukaa.
Sikugusa kitu.
Chumba kimoja: meza, mashine ya fotokopi iliyokufa,
na pembeni friza, jeupe, kutu miguuni,
ndilo linalolisha nyumba:
barafu za ubuyu, maji ya mifuko,
watoto wakitoka skuli saa saba.
Saa saba wakaja.
Mfuniko juu, mfuniko chini, mfuniko juu,
joto likaingia, friza likahema, likajikaza,
*tk*,
na taa ikakonyeza. Mara moja tu,
kama mtu anayekupa siri mbele za watu.

Mshale ukasimama.

"Bi Mize, friza lako lagandisha maji,
na hii nayo lagandisha."
Akacheka mpaka akashika meza.
Mimi nilikuwa nimeshatoa bisibisi.

Ndani ya pawa saplai, kapasita moja
imevimba kichwa kama kitumbua,
imetoa ute wa kahawia.
Umeme unatoka Tanga, unapita chini ya bahari,
ukifika hapa umechoka, huyumba.
Kapasita nzima huziba pengo lile kwa akiba yake.
Hii haina akiba.
Yaishi kwa kinachoingia sasa hivi.
(Nikainamisha kichwa. Naijua hali hiyo.)

Nikang'oa nyingine kwenye redio mbovu ya Shaame kinyozi,
nikachomelea, hasi kwa hasi, moshi machoni.
Friza nikalihamishia tundu la ukuta wa pili.
Kesho yake, saa saba: *tk*.
Taa ikakonyeza.
Mshale ukaenda zake.

Bi Mize akavuta kiti, akaifungua barua ya Faki.
*Naomba uku*, na vidole vikashuka.
Nikainama nisome.

Akaziba skrini kwa kiganja.
"Fundi," akasema, "hiyo ni ya mteja."